Mtoto Huyu ni wa Ofisi Gani?

Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kesho yake, Oktoba 11, ni Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike. Siku ya kwanza huwa ya watu wa afya: risala husomwa, fulana hugawiwa, kwaya huimba, na mgeni rasmi huahidi kwamba suala la wagonjwa wa akili sasa litavaliwa njuga. Siku ya pili huwa ya watu wa maendeleo ya jamii: risala nyingine husomwa, fulana za rangi nyingine hugawiwa, na mgeni rasmi mwingine huahidi kwamba watoto watalindwa kwa nguvu zote. Huenda hata viti na turubai vikawa vya mkodishaji yule yule. Asiyevuka kutoka siku moja kwenda nyingine ni mtoto mwenye maradhi ya akili. Siku ya kwanza wazungumzaji humwona mgonjwa wasimwone mtoto. Siku ya pili humwona mtoto wasimwone mgonjwa. Oktoba 12 kila mtu amerudi mezani kwake.

Lingekuwa jambo la sherehe tu, lisingestahili wino. Lakini kalenda hiyo ni picha halisi ya namna huduma yenyewe ilivyopangwa, au tuseme isivyopangwa, kuanzia makao makuu mpaka kwenye kata.

Kwanza ieleweke ni watoto gani wanaozungumzwa. Katika fikra za wengi, mgonjwa wa akili ni yule mtu mzima anayetembea na furushi la matambara sokoni. Mtoto hamo. Ukweli ni tofauti kabisa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili yanayowasumbua watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 18, na kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la namna hiyo. Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini anaweza kufanya hesabu hiyo bila kalamu: kwa wastani huo wa dunia, mbele yake wameketi kumi. Kuna mwenye sonona, ambaye kwa mtoto mara nyingi haionekani kama huzuni bali kama ukali, uvivu na alama zinazoporomoka. Kuna mwenye hofu isiyokwisha. Kuna mwenye usonji, ambaye majirani wanasema ni bubu au amerogwa. Kuna aliyeanza upya kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa baada ya jambo alilotendewa na mtu mzima. Na kuna mwenye kifafa, maradhi ya ubongo ambayo katika hospitali nyingi za nchi hii hutibiwa na watu wale wale wa kliniki ya akili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu nusu yao hawajatimiza miaka 18. Hili si suala la watu wachache wenye bahati mbaya.

Mfano utasaidia. Chukua msichana wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano katika kijiji kilicho kilomita sitini kutoka makao makuu ya wilaya. Hapewi jina hapa kwa sababu yupo katika vijiji vingi. Mara kadhaa kwa siku kalamu yake husimama, macho hukaza ukutani, na kwa muda wa sekunde kumi hivi hayupo. Kisha huendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea, maana kwake yeye hakuna kilichotokea, hakumbuki. Mwalimu alikuwa amemwita mara mbili. Hakuitika. Darasa zima limeshuhudia dharau hiyo, na mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kuacha dharau ikaota mizizi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa makosa makubwa. Lakini fimbo iko mezani, na idhini iko mbali. Msichana anachapwa kwa sababu ya maradhi yake. Kesho anaduwaa tena, anachapwa tena.

Hicho ni kifafa cha kuduwaa. Dawa zake zipo, na mtoto anaweza kusoma kama wenzake. Lakini ili dawa imfikie, sharti mtu mmoja aunganishe mambo yanayoonekana na watu watano. Hapo ndipo nchi inaposhindwa.

Mwalimu aliandika taarifa. Ilikwenda kwa mwalimu mkuu, na kutoka hapo kwa Afisa Elimu Kata, ikiwa imeandikwa juu yake: nidhamu. Mama yake alimpeleka zahanati. Alipimwa malaria, hakuonekana nayo, akapewa dawa ya maumivu, akaandikwa kwenye rejesta kama mgonjwa wa nje wa siku ile. Mjomba akashauri kwa mganga, kukatolewa mbuzi. Mwaka uliofuata alianguka kwa mara ya kwanza, na aliangukia jikoni. Sasa akawa majeruhi wa moto, akawa na faili hospitali ya wilaya, wodi ya upasuaji. Afisa Ustawi wa Jamii akaitwa kwa kuwa kulikuwa na tetesi kwamba mtoto anateswa nyumbani. Naye akafungua faili lake. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimwambia mama arudi Alhamisi, siku ya kliniki ya akili. Alhamisi nauli ilikuwa imekwisha. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya, ambaye ndiye hasa mwenye kazi hii, hakuwahi kusikia habari za mtoto huyo; na pengine siku ile alikuwa kwenye semina ya kujadili jinsi ya kuwafikia watoto kama huyo.

Mafaili matano, mtoto mmoja, na hakuna faili hata moja linalojua kwamba jingine lipo.

Mtumishi wa serikali anayesoma habari hii tayari ana jibu mdomoni: kila ofisi ilitimiza wajibu wake. Ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Mwalimu aliripoti, tabibu alipima, daktari alitibu vidonda, afisa ustawi alifanya uchunguzi. Hakuna wa kushtakiwa. Ugonjwa huu wa kila mtu kutimiza wajibu wake huku jambo lenyewe likiharibika ulipewa jina zamani katika nchi hii: umangimeza. Watu walidhani umangimeza ni ubwana wa kuwafokea wananchi dirishani. Sura yake mbaya zaidi ni ya upole. Ni ile ya mtumishi mwema anayekuonyesha kwa kidole ofisi inayofuata.

Juu kabisa, mambo ni yale yale kwa kipimo kikubwa zaidi. Sera ya afya ya akili na dawa ziko Wizara ya Afya. Mitaala na utaratibu wa ushauri na unasihi shuleni ni mambo ya Wizara ya Elimu. Maendeleo ya mtoto na ustawi wa jamii yako katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ambayo mwaka 2022 ilitenganishwa na Afya iliyokuwa nayo chini ya paa moja. Kutenganisha kunaweza kuwa na faida zake. Lakini kwa mtoto huyu maana yake ni kwamba mwili na ubongo wake uko jengo moja na utoto wake uko jengo jingine. Juu ya hayo ipo TAMISEMI, yenye zahanati, shule na watumishi wenyewe.

Hapa lakini ndipo kisingizio kinapopasuka. Shuka kutoka Dodoma mpaka kwenye kata, uulize: mwalimu, tabibu wa zahanati, afisa ustawi, mtendaji wa kata, hawa wako chini ya nani? Wote wako chini ya halmashauri moja na Mkurugenzi mmoja. Wizara nne zinazodaiwa kushindwa kukutana huko juu zinakutana kila mwezi kwenye orodha moja ya mishahara huku chini. Nayo sheria haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaiwajibisha serikali ya mtaa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Haikusema maradhi ya mwili tu. Haikusema wizara zikishakubaliana. Swali la mtoto huyu ni wa ofisi gani lilijibiwa na Bunge mwaka 2009, na tangu hapo halmashauri nyingi zimeendelea kuuliza kana kwamba hazikupata jibu.

Wale wanaopenda majengo watasema tatizo ni kukosekana kwa hospitali. Fikra hiyo ina umri mrefu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baada ya miaka michache mahali hapo pakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua hospitali ya Dodoma, ambayo leo ni Mirembe. Wazo la mkoloni lilikuwa moja: mgonjwa wa akili ni mtu wa kuondolewa machoni pa wengine, apelekwe mahali mbali, afungiwe. Wauguzi na madaktari wa Mirembe wamefanya kazi kubwa kwa miaka mingi na hawastahili lawama hapa. Wanaostahili lawama ni wote ambao hadi leo, wakisikia afya ya akili, akili yao inasafiri moja kwa moja mpaka Dodoma. Watoto shuleni hutaniana kwamba fulani katoroka Mirembe, na walimu hucheka. Katika darasa la namna hiyo, mtoto gani atanyoosha mkono aseme kwamba anasikia sauti?

Mtoto hawezi kutibiwa mbali na nyumbani kwake. Mtu mzima unaweza kumlaza miezi mitatu na akarudi kazini. Mtoto ukimwondoa nyumbani umemwondolea sehemu kubwa ya dawa yake. Na ukimtibu bila kugusa nyumba na darasa lake, umemrudisha palipomwumiza. Ndiyo maana huduma hii, kuliko huduma nyingine yoyote ya tiba, ni ya kata kabla ya kuwa ya mkoa.

Sasa isikilizwe hoja inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote, ya kwamba hakuna wataalamu. Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno, na wale waliobobea kwa watoto wanahesabika kwa vidole. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama historia ya nchi hii isingekuwapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wengi wenye kifafa, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Walikuwa wakitengwa, hawaliwi nao sahani moja kwa kuogopa mate yao, na wengi walikuwa wakifa kwa moto na kwa maji. Hakuwa na chuo wala idara. Alianzisha kliniki, akatumia dawa za bei nafuu, na kazi ikashikwa na wauguzi wa palepale. Watu walioitwa wenye laana wakaanza kulima, kuoa na kuolewa. Kata nyingi za leo zina watumishi na barabara ambazo Mahenge ya wakati ule haikuziota.

Miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kwa kuwafundisha watumishi wa kawaida wa afya hadi vituo vya vijijini. Hayo yalikuja muda mfupi baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ulioweka msingi wa afya ya msingi kwa wote. Na mwaka 2010 Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilitoa mwongozo mahsusi kwa watumishi wasio mabingwa. Kifafa kimo ndani yake, na matatizo ya akili na tabia ya watoto yamo pia. Kwa hiyo anayesimama leo kusema kwamba tabibu wa zahanati hawezi, anabishana na jambo lililoanza kufanywa hapa hapa nchini kabla baadhi ya watumishi wa leo hawajazaliwa.

Isisahaulike pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo vya Kiswahili, wakatoka hapo wakachimba vyoo na kufyeka majani. Hakuna aliyesema tusubiri kwanza mabwana afya bingwa. Taifa lililoweza kuzungumza na milioni mbili juu ya choo, kwa redio za mbao na betri zinazochacha, linashindwaje kuzungumza na wazazi juu ya mtoto anayeduwaa?

Wengine hujificha nyuma ya mila. Wanasema haya ya sonona na hofu ni mambo ya Wazungu, mtoto wa Kiafrika hana msongo wa mawazo, na kwamba wazazi hawatakubali kwa kuwa wanaamini mapepo. Walimu ndio wanaojua jinsi hoja hii ilivyo nyepesi. Degedege ilikuwa hivyo hivyo. Palikuwa na wakati ambapo mzazi aliona mtoto anatetemeka kwa homa akasema ni mdudu, na akaogopa sindano kuliko kifo, akiamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Hakutukanwa. Alifundishwa, polepole, na wauguzi wa kliniki ya watoto, na majirani ambao watoto wao walipona. Wazazi wengi siku hizi huanzia zahanati. Wala mganga wa jadi si adui wa lazima. Akishirikishwa vizuri anaweza kuwa wa kwanza kumwambia mama, huyu si wangu, mpeleke. Kinachowakimbiza wazazi kwa mganga kwa mtoto wa kifafa si imani peke yake. Ni kwamba mganga yuko karibu, hana siku ya Alhamisi, na anamsikiliza mama mpaka mwisho.

Juu ya fedha, maneno machache yanatosha. Dawa za kifafa cha kuanguka ni miongoni mwa dawa rahisi. Gharama kubwa ni kumfundisha tabibu atofautishe kifafa hiki na kile, maana si kila dawa inayofaa cha kuanguka inafaa cha kuduwaa. Fedha za semina moja ya siku tatu hotelini, pamoja na posho zake, chai yake na mafuta ya magari yake, zingefanya mengi katika kata moja.

Lakini mwalimu hana budi kutazamwa kwa undani zaidi, kwa kuwa ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote nje ya nyumba yao. Nchi imemtwika cheo cha ushauri na unasihi. Katika shule nyingi cheo hicho kimekuja bila kupunguziwa vipindi, bila chumba, na bila mafunzo yanayozidi siku chache. Zipo shule ambapo mshauri nasaha na mwalimu wa nidhamu ni mtu mmoja: asubuhi ana fimbo, mchana anasema, njoo uniambie yanayokusumbua. Zipo nyingine ambapo mtoto anajikaza, anasema, na kabla ya kengele ya mwisho ofisi nzima ya walimu imekwisha kusikia. Mtoto wa namna hiyo hatasema tena maisha yake yote. Hili la pili halihitaji bajeti. Linahitaji mwalimu aone kwamba siri ya mtoto ni amana, kama mitihani ilivyo amana. Na anayeitoa aadhibiwe kama anayevujisha mitihani.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009, ambao Tanzania ilisifiwa kwa ujasiri wa kuutangaza. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu wakati huo hatua zimechukuliwa: Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, mpango wa MTAKUWWA ulioanza 2017 na kamati zake zilizoshuka hadi vijijini. Ni hatua za kupongezwa. Lakini zitazame zinaishia wapi. Fomu ya polisi inajazwa, mwili unapimwa, mtuhumiwa anatafutwa, kesi inakwenda au inafia njiani kwa familia kuelewana. Mtoto anarudi darasani. Anayelala akishtuka usiku, asiyeweza tena kukaa karibu na mwalimu wa kiume, anayeandika herufi zile zile ukurasa mzima, huyo nani anamfuatilia mwezi wa tatu, mwezi wa tisa? Kesi ikifungwa, faili linafungwa. Mtoto hafungwi kama faili.

Wapo watoto wa nchi hii ambao hawapati taabu hiyo. Katika shule za ada kubwa mijini kuna mshauri wa wanafunzi mwenye shahada, mwenye ofisi yenye pazia na kiti cha kulala. Mzazi akiona mwanawe hali chakula, hupiga simu na Jumatatu mtoto anazungumza na mtu. Hakuna ubaya wowote mtoto kupata huduma hiyo. Ubaya ni kwamba baadhi ya wanaotia saini mipango ya halmashauri na wizara ni wazazi wa shule hizo hizo; wanajua kwamba mtoto anaweza kuugua akilini, wanajua dalili zake, wanajua anapona akiwahiwa, kwa sababu wameliona nyumbani kwao. Kisha wakifika mezani wanaandika kwamba jamii bado haijawa na mwamko.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanamume. Hiyo ni nafasi ambayo haitarudi upesi. Ama watu hao watafundishwa kumtambua mtoto anayeduwaa, mtoto aliyenyamaza, mtoto aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba kwa sababu ya aibu, au watakuwa watu wengine wawili wa kupita nyumba hadi nyumba wakiuliza habari za chandarua na choo, na kumpita huyo mtoto uani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itakuwa na maana kwa mtoto huyu kama tu kuna mtu wa kumfikisha kwenye dirisha la kadi.

Kinachotakiwa hakihitaji sera mpya. Sera zimejaa makabati. Katika kila kata awepo mtumishi mmoja, muuguzi au afisa ustawi au tabibu, aliyetajwa kwa barua ya Mkurugenzi kuwa ndiye mwenye kujibu juu ya watoto hao. Awe na daftari moja, wala si matano. Mwalimu, mhudumu wa kitongoji, polisi wa dawati na shehe au mchungaji wajue kwamba jina la mtoto hupelekwa kwake, kwa siri, na kwamba yeye ndiye anayeamua aende zahanati, shuleni au nyumbani. Siku ya kliniki isiwe mjini tu. Mratibu wa wilaya apande gari angalau mara moja kwa mwezi akutane na watoto hao kwenye kituo cha afya cha kata, pamoja na dawa zao. Mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi na apokonywe fimbo. Na kila robo mwaka daftari hilo, bila majina ya watoto, lifikishwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: wangapi wapya, wangapi wanahudhuria, wangapi wamepotea njiani, na dawa iliisha siku ngapi.

Wakubwa wengine watasema kumtaja mtu mmoja ni kumwonea. Hapana. Leo anayeonewa ni msichana mwenye makovu ya moto mkono mzima, ambaye mwaka huu hakurudi shule kwa sababu wenzake wanaogopa kukaa naye dawati moja, na ambaye bado, mara kadhaa kwa siku, anaangalia ukutani sekunde kumi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri huanza kupanga bajeti zake miezi mingi kabla ya hapo. Madiwani watakapoketi, yupo kati yao atakayekuwa na ujasiri wa kusimama na kumwuliza Mkurugenzi swali moja la mtoto huyo: katika kata yangu, ni nani? Asikubali kujibiwa kwa cheo, wala kwa jina la idara, wala kwa ahadi kwamba suala linafanyiwa kazi na wadau. Atajiwe jina la mtu, na siku ya wiki anayopatikana.